Maji ya Bati, Dagaa na Vumbi la Bomu

Tarehe 13 Februari, 1960, asubuhi, Serikali ya Kifaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki juu ya mnara mahali paitwapo Hamoudia, karibu na Reggane, katika jangwa la Sahara nchini Algeria. Nguvu ya bomu hilo ilikuwa sawa na tani 70,000 hivi za baruti kali iitwayo TNT, yaani zaidi ya mara nne ya lile lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945. Huko Paris wakubwa walishangilia. Waafrika, ambao hawakuulizwa neno, waliambiwa wasiwe na wasiwasi: jangwa ni tupu, upepo umechunguzwa, na vumbi litakaloanguka ni kidogo mno lisiloweza kumdhuru mtu.

Neno hilo "kidogo mno" ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Kidogo kwa mizani ya nani? Aliyelipua bomu ndiye aliyepima vumbi lake. Ndiye aliyeandika hesabu, na ndiye aliyezifungia kabatini. Wenye nchi, Waalgeria, walikuwa vitani wakipigania uhuru wao, na hawakuwa na njia ya kufungua kabati hilo. Kupeleka kesi ya ngedere kwa nyani ni jambo ambalo hata mtoto hulicheka, walakini kwa habari ya vumbi la mabomu dunia nzima ilifanya hivyo kwa miaka mingi. Tunaandika haya tukiwa Buswelu, yaliko makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, mbali sana na Reggane. Na msomaji ataona mbele kwa nini tumechagua kuyaandikia hapa.

Si kwamba Afrika ilinyamaza. Mwezi Novemba, 1959, kabla ya bomu kulipuliwa, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuitaka Ufaransa isifanye jaribio hilo. Mwezi uliofuata kundi la watu wa mataifa mbalimbali, wakiwamo padre wa Kianglikana Michael Scott, na Wamarekani Bayard Rustin na Bill Sutherland (huyu Sutherland baadaye alikaa Dar es Salaam miaka mingi), waliondoka Ghana kwa magari wakielekea Sahara, wakikusudia kuyaweka maisha yao mbele ya bomu. Askari wa Kifaransa waliwazuia mara tu walipoingia nchi iliyoitwa Volta ya Juu. Bomu lilipolipuka, Ghana ilizuia mali za Wafaransa zilizokuwa nchini mwake, na Morocco ikamwita nyumbani balozi wake. Nigeria, iliyopata uhuru mwezi Oktoba, 1960, haikungoja sana: baada ya bomu la tatu la Desemba, mwaka huo huo, ilimfukuza balozi wa Ufaransa mwanzoni mwa Januari, 1961. Bomu la nne lililipuliwa Aprili, 1961, na baada ya hapo Wafaransa wakaingia chini ya milima ya Hoggar, ambako walifanya majaribio mengine 13 hadi mwaka 1966. Chini ya mlima nako hakukuwa salama. Tarehe 1 Mei, 1962, mlima ulipasuka, moshi wa sumu ukatoka nje, na miongoni mwa waliokimbia walikuwamo mawaziri wawili wa Kifaransa waliokuwa wamekuja kutazama.

Katika ghadhabu hiyo yote jambo moja halikusifiwa vya kutosha. Ghana, nchi changa yenye umri wa miaka mitatu, haikuishia katika hotuba. Ilianza kupima vumbi katika hewa na mvua yake yenyewe. Huko Nigeria vilevile vyombo vilitegwa, ingawa kazi hiyo ilisimamiwa pamoja na Waingereza waliokuwa bado watawala. Vipimo hivyo havikuonyesha maangamizi, na pengine kwa sababu hiyo vimesahauliwa. Sisi twaona kwamba palikuwa na ushujaa katika kopo lile la mvua kuliko katika maandamano kadhaa.

Kabati la Paris lilifunguliwa kidogo mwaka 2013, zilipotolewa karatasi za kijeshi zilizokuwa siri kwa zaidi ya miaka hamsini. Ndani yake mlikuwamo ramani ya vumbi la bomu lile la kwanza. Ilionyesha kwamba katika muda wa siku 13 wingu lilitapakaa juu ya Afrika ya Kaskazini na ya Magharibi na kuingia sehemu ya Afrika ya Kati, likavuka bahari hata kufika pwani za Hispania na kisiwa cha Sicily. Hilo ndilo jangwa tupu tuliloambiwa.

Sasa yafaa tueleze vumbi hilo hupimwaje, maana mwananchi asiyejua njia ya hesabu hawezi kumuuliza mwenye hesabu.

Bomu likilipuka karibu na ardhi hufyonza mchanga na kuuyeyusha, nao huchanganyika na masalio ya bomu. Chembe nzito huanguka karibu, katika saa chache, na huko ndiko kwenye hatari kubwa ya mara moja. Hapo wapimaji wana kanuni nyepesi: kila muda unapozidi mara 7, ukali wa mionzi hushuka hadi sehemu moja ya kumi. Ikiwa baada ya saa moja kipimo ni 1,000, baada ya saa saba kitakuwa 100, baada ya siku mbili 10, na baada ya wiki mbili 1. Kwa kanuni hii mtu aliyefika siku ya tatu na chombo chake aweza kurudi nyuma kwa hesabu na kukisia waliokuwapo siku ya kwanza walipata nini. Lakini msomaji aone vizuri: kinachokisiwa hivyo ni ukali wa mionzi mahali fulani. Mtu mwenyewe alikuwa wapi saa hizo, ndani ya nyumba au malishoni, alikula nini, alikunywa nini, hayo hayamo katika kanuni.

Chembe nyepesi hupanda juu. Kwa mabomu makubwa sana, kama yale ya Wamarekani na Warusi, hupanda juu kuliko mawingu ya mvua, zikazunguka dunia miezi au miaka kabla ya kushuka. Zikishuka, aghalabu huja na mvua. Ndiyo sababu wapimaji wa miaka ya 1950 walitandaza karatasi zenye gundi juu ya vibao, wakaweka mabeseni ya kukinga mvua, na kuvuta hewa kwa mashine kupitia vichujio. Humu katika ziwa letu, ng'ambo ya pili, mvua ya Entebbe ilikusanywa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mpango wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na lile la Hali ya Hewa, ikapimwa tritiamu, ambayo ni haidrojeni nzito yenye mionzi iliyoongezwa sana angani na mabomu ya haidrojeni. Dar es Salaam nayo ilikuwa katika mpango huo.

Hesabu za dunia nzima zilikusanywa na Kamati ya Kisayansi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 1955. Kamati hiyo yahesabu majaribio 543 yaliyofanywa angani hadi lile la mwisho, la Wachina, Oktoba 1980. Yaonekana kwamba vumbi lililopanda juu halikuanguka sawasawa. Lilianguka zaidi katika nchi za katikati ya Kaskazini, Ulaya na Marekani zenyewe, na kidogo kuliko huko lilianguka katika nchi za Ikweta. Eneo la ardhi lililo kati ya Ikweta na nyuzi 10 za Kusini, ambamo Mwanza imo katika nyuzi mbili na nusu, lilipata strontiamu 90 iliyokuwa takriban sehemu moja ya saba tu ya ile iliyoangukia eneo kama hilo la ardhi katika nyuzi 40 hadi 50 za Kaskazini. Walipanda upepo wao wakavuna wenyewe, angeweza kusema mtu mwenye kinyongo. Sisi hatusemi hivyo, maana watoto wa huko nao hawakuulizwa.

Basi kwa wastani tulipata kiasi gani? Mwaka 1963, mwaka uliokuwa mbaya kuliko yote, mtu wa wastani duniani alipata kutokana na vumbi la mabomu zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milisiveti, kipimo kinachotumika kwa mionzi iingiayo mwilini. Leo ni kama 0.005. Na miamba, jua na hewa humpa mtu huyo wa wastani milisiveti 2.4 kila mwaka bila bomu lolote. Mtu akisimama na chombo cha kupimia mionzi kati ya mawe ya Mwanza atakisikia kikilia, lakini sauti hiyo itatoka katika matale yenyewe, ambayo yana urani na thoriamu tangu kuumbwa kwake. Sesiamu 137 ndiyo isiyo ya asili. Popote ionekanapo katika udongo, mkono wa binadamu umepita. Nayo hupungua nusu kila miaka 30, kwa hiyo ile ya mwaka 1963 imebaki robo, na chini kidogo ya robo.

Tumeyasema haya waziwazi kwa sababu hatupendi kumtisha mtu. Kuna watu ambao kila ugonjwa usio na jina huusingizia mionzi, na hao humsaidia sana mwenye bomu. Maana akishathibitisha kwamba madai kumi ni ya uongo, dai la kumi na moja, lililo la kweli, halisikilizwi.

Lakini huyo mtu wa wastani ni nani, na hula nini?

Katika mji wa St. Louis, Marekani, tangu mwaka 1958, madaktari na akina mama walikusanya meno ya utotoni ya watoto, maelfu kwa maelfu, yakafika karibu laki tatu. Watoto wetu jino likitoka hulirusha juu ya paa. Wale walilitia katika bahasha. Strontiamu hufanana na chokaa ya mwilini, kwa hiyo hupita katika majani, ikaingia katika maziwa ya ng'ombe, ikajijenga katika mifupa na meno. Meno yale yalionyesha kwamba waliozaliwa mwaka 1963 walikuwa na strontiamu mara nyingi, wasemao huitaja mara 50, kuliko waliozaliwa mwaka 1950. Hakuna aliyebisha. Ushahidi haukuwa wa serikali wala wa jeshi. Ulitoka kinywani mwa mtoto. Mwaka huo huo wa 1963 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Moscow wa kukomesha majaribio ya angani, na Tanganyika ikawa miongoni mwao.

Wafaransa hawakutia sahihi. Walipoiacha Sahara walikwenda katika visiwa vya Polinesia, wakalipua mabomu angani huko tangu 1966 hadi 1974. Na hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mwaka 2006 wakuu wa atomiki wa Ufaransa walitoa makisio yao ya mionzi waliyopata wenyeji. Mwaka 2021 watafiti walizichukua karatasi zile zile zilizokuwa siri wakazihesabu upya, wakasema kwamba katika baadhi ya mahali makisio ya awali yalikuwa pungufu mara mbili hadi mara kumi. Kosa lilikuwa wapi? Vyombo havikuwa vibovu. Miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba hesabu ya visiwa vya Gambier haikutia maanani maji ya mvua ambayo watu waliyakinga na kuyanywa. Hesabu ya bomu la Julai, 1974, ambalo wingu lake lilikwenda Tahiti, ilipofanywa upya ilionyesha kwamba watu wapatao 110,000 huenda walipita kiwango ambacho sheria ya Ufaransa yakitumia kuamua nani alipwe fidia. Kikombe cha maji kilichosahauliwa katika hesabu ni fidia iliyosahauliwa katika malipo.

Msomaji wa Buswelu atakuwa amekwisha tuelewa. Pita katika vitongoji vyake wakati wa mvua uone: chini ya kila bati pana ndoo, pipa au tangi. Mabomba yameongezeka, lakini maji ya bati hayakuachwa. Tulimwuliza mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa juu ya jiwe pana nyuma ya nyumba yake kama maji ya tangi lake yalipata kupimwa. Alitujibu, "Yapimwe nini, mwanangu? Hayo yametoka kwa Mungu." Tukamwambia kwamba hata ya Mungu hupitia hewa ambayo watu wameichezea. Akafikiri kidogo, akauliza swali ambalo hatukulitazamia: "Na hawa dagaa je? Hawa hulala juani siku nzima."

Lilikuwa swali la kitaalamu kuliko alivyojua. Katika vitabu vya nchi za Kaskazini, mtu anapohesabiwa mionzi ya samaki huhesabiwa nyama tupu, miiba hutupwa. Nyama hukaa sesiamu, lakini strontiamu hukaa katika mifupa. Sisi huku dagaa twamla mzima, kichwa, miiba na mkia, na mtoto anayeachishwa ziwa husagiwa dagaa huyo huyo katika uji. Isitoshe, samaki wa maji baridi hukusanya sesiamu zaidi kuliko wa baharini, kwa sababu maji ya ziwa hayana chumvi nyingi za kushindana nayo. Ongeza michembe, ambayo nayo huanikwa juu ya majabali ikipokea kila kinachotua. Ongeza maziwa ya mgando. Iodini 131 hupungua nusu kwa siku nane, kwa hiyo chakula cha akiba kilichokaa ghalani miezi mitatu kimeponywa nayo. Lakini maziwa ya mgando ya siku mbili hayajaponywa. Ghala la Msukuma lina elimu ambayo meza ya hesabu ya Paris au Vienna haina, na wala haitakuwa nayo tusipoipeleka sisi.

Na tusidhani kwamba kupima wenyewe maana yake ni kuthibitisha tunayoyapenda. Februari 2021 upepo uliibeba vumbi la Sahara hadi Ufaransa, theluji ikawa nyekundu, na wapimaji wa huko wakakuta ndani yake sesiamu. Wengi, nasi moyoni tukiwamo, walisema kwamba bomu la Reggane limerudi nyumbani. Ilikuwa hadithi tamu. Mwaka 2025 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa plutoniamu iliyokuwamo katika vumbi hilo. Kila bomu lina alama yake, kama mwandiko wa mtu, na alama ile haikuwa ya bomu la Kifaransa bali ya mabomu ya Marekani na Urusi yaliyochafua dunia nzima. Kipimo cha kweli hakimpendelei hata aliyeonewa. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo maana twakitaka.

Nchi yetu ina haki ya kulisema neno hili. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, pamoja na viongozi wa India, Sweden, Ugiriki, Argentina na Mexico, waliyataka mataifa makubwa yasimamishe mabomu. Na mwaka 1986, walipokutana Ixtapa nchini Mexico, hawakuishia kutaka tu, bali walijitolea kusaidia kupima kama kweli majaribio yamekoma. Mataifa yasiyo na bomu hata moja yalikuwa yakisema: mizani tutaishika sisi. Mwaka 1996 Afrika ilitia sahihi mjini Cairo Mkataba wa Pelindaba wa kulifanya bara hili lisiwe na silaha hizo, ukaanza kutumika mwaka 2009. Mwaka 2004 Tanzania iliridhia mkataba wa dunia wa kupiga marufuku majaribio yote, na Dar es Salaam imewekwa katika orodha ya vituo 80 vya kunusa mionzi hewani. Katika vituo hivyo mashine huvuta hewa siku nzima kupitia kichujio, kichujio hupumzishwa siku moja ili mionzi ya asili ipungue, kisha hupimwa siku ya tatu, na hesabu hupelekwa Vienna. Mkataba huo bado haujaanza kuwa na nguvu ya sheria. Marekani haikuuridhia, na mwaka 2023 Urusi iliondoa ridhaa yake.

Tunayo pia Tume yetu ya Nguvu za Atomiki, yenye makao makuu Arusha na ofisi ya kanda hapa Mwanza, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Miongoni mwa kazi zake ni kupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Sangara wa minofu anayepanda ndege kwenda Ulaya huandikiwa cheti, ili Mzungu ale bila hofu. Ni jambo jema, na biashara yahitaji. Lakini cheti hicho humfuata samaki anayevuka mpaka. Twataka hesabu imfuate pia dagaa anayetoka mwalo wa Kirumba na kuishia katika chungu cha Buswelu, na itangazwe kwa Kiswahili, mahali ambapo mwalimu na mganga wa zahanati wataisoma.

Wapo watakaosema kwamba hakuna bomu linalolipuliwa angani sasa, kwa hiyo fedha zisitupwe. Twawajibu kwamba wakati wa kupima joto la mwili ni mtu angali mzima, ili siku ya homa ijulikane imepanda kiasi gani. Ghana mwaka 1960 ilikimbizana na upepo. Sisi leo tunayo nafasi. Debe moja la maji ya bati la mvua za kwanza, chupa ya maziwa ya mgando, kibaba cha michembe, na kilo moja ya dagaa wa Kirumba pamoja na vichwa na miiba yao: vichukuliwe mwaka huu kutoka Buswelu, vipelekwe Arusha, na majibu yabandikwe katika ubao wa matangazo wa Manispaa ya Ilemela.